Nani Atakunywa Baada ya Mama Nestori

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za kanisa, kengele ya mkononi, daftari la washiriki na kikombe cha ushirika. Mwinjilisti aliyepokea kazi aliniuliza kama kuna jambo anapaswa kulijua ambalo halimo kwenye mwongozo. Nikamwambia bati la upande wa kusini linavuja. Nilipokuwa narudi nyumbani niliona nimemjibu kama mtu anayekwepa, na nimekwepa vya kutosha katika kazi hii. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaoanza uinjilisti katika mitaa yetu ya Ngara na Biharamulo. Habari za vyeo sina, kwa sababu mwinjilisti hana vyeo, ana vituo. Nitaeleza kikombe, na namna nilivyokishika vibaya.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kirushya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimevaa viatu vya kaka yangu, na nilipangiwa kujifunza kwa Mzee Zakaria, ambaye aliulea mtaa ule tangu ulipokuwa na watu sita chini ya paa la nyasi. Kwa wasomaji ambao si wa kanisa letu: mtaa ni usharika mdogo unaotunzwa na mwinjilisti. Mchungaji huja mara moja kwa mwezi kubariki mkate na divai. Watu hupiga magoti kwa mstari mbele ya madhabahu, mchungaji anatangulia akigawa mkate, na mwinjilisti anamfuata na kikombe. Kikombe ni kimoja, wote wanakinywea.

Siku ya kwanza Mzee Zakaria alinipa kikombe kikiwa na maji akanifanya nizunguke nacho mbele ya mabenchi matupu. Mkono wa kushoto kwenye shina la kikombe, wa kulia na kitambaa. Mtu akishanywa, futa ukingo ndani na nje, kisha kizungushe kidogo ili anayefuata asinywee palepale. Usijaze zaidi ya nusu. Bibi aliyetembea kutoka mbali hachukui tone, anachukua funda.

"Na akikamata kwa mikono miwili," aliniambia, "usishindane naye. Utamwaga, na yeye ndiye ataonewa huruma."

Jambo jingine alilonifundisha sikulipenda. Jumamosi kabla ya ushirika huwa tuna maandalizi. Watu wanakuja, wanaungama, na wenye ugomvi wanapatanishwa. Jumamosi moja walikuja ndugu wawili waliogombea mpaka wa migomba. Walikaa saa nzima wakitazama chini, na hawakupatana. Kesho yake nikawaona wamepiga magoti bega kwa bega, na Mzee Zakaria anawapa kikombe. Baada ya ibada nilimfuata.

"Mzee, wale hawajapatana."

"Najua."

"Sasa mbona umewapa?"

"Tukisema wapatane kwanza ndipo waje, tutazeeka tunawasubiri. Wamekunywa kikombe kimoja. Kesho wakatazamane vibaya shambani kama wanaweza."

Nilimwona mlegevu. Nilikuwa nimesoma kwamba meza ya Bwana inalindwa, na nilidhani kulinda ni kazi ya macho. Nilisahau kwamba usiku ule wa kwanza kabisa msaliti alikuwepo mezani, akajulikana, na bado akapewa. Baadaye nilikuja kulihubiri hilo kila mwaka kabla ya Pasaka bila kulisikia.

Kituo cha pili kilikuwa Lusahunga, pale njia panda magari makubwa yanapopumzika kabla ya kuendelea Rusumo. Pale macho yangu yalipata kazi. Kila Jumapili kulikuwa na sura mpya, na mimi nikaweka utaratibu kwamba mgeni hashiriki bila barua ya utambulisho kutoka usharika wake. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima mwenye mvi, alinijia kabla ya ibada.

"Mwinjilisti, juzi nililala Singida, jana Kahama, kesho nikijaliwa niko Kigali. Barua aniandikie nani?"

"Mchungaji wako."

"Mchungaji wangu mara ya mwisho kuniona nilikuwa bwana harusi."

"Basi subiri utakaporudi kwenu."

Alikaa benchi la nyuma mpaka mwisho, akatoa sadaka, akaondoka. Wazee wa kanisa walinipongeza kwa msimamo. Nilifurahi sana. Nilianza hata kujisifu kwamba namjua mwongo kwa anavyovaa viatu. Nikitazama nyuma naona kwamba hapo ndipo nilipoharibika, na hakuna aliyeniambia, kwa sababu kwa nje nilionekana mtumishi makini.

Nyamiaga ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko kote, na ndiko nilikomkuta Mama Nestori. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alikulia hapahapa, akaolewa, akafiwa na mume. Alilima maharage na migomba. Kanisani kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya ushirika na kufua vitambaa. Alivipiga pasi ya mkaa mpaka vikasimama kama karatasi. Kama mna mtu wa namna hiyo katika mtaa wenu, mjue nusu ya heshima mnayopewa siku ya ushirika ni ya kwake.

Msimu mmoja majirani walikwenda kumsaidia kuvuna maharage. Baada ya kazi akawapa mutobe, ile juisi ya ndizi. Wengine walisema ni mutobe, mimi sikuuliza kama umekaa siku za kutosha kuwa pombe. Huku kwetu mwenye nyumba anapompa mgeni kinywaji huonja yeye kwanza, mgeni akiona, ili mgeni ajue hakuna sumu. Haihesabiwi kuwa dharau. Ni adabu, na asiyeonja ndiye anayeshangaza. Siku ile chungu kilikuwa kinafurika jikoni. Mama Nestori alimkabidhi kibuyu jirani yake Filibati, akakimbilia moto. Filibati akanywa. Siku ya tatu akafa, tumbo limevimba.

Hospitalini walisema ini lake lilikuwa limeharibika kwa muda mrefu. Lakini msibani mjane wake, Leokadia, alikaa kwenye mkeka akasema neno moja tu, tena kwa sauti ya chini: "Hakuonja." Likatosha. Kufikia siku ya kuanua matanga, kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba Mama Nestori ni mrozi, mwenye kulisha watu sumu, na wengine walikumbuka kwamba tangu zamani mbwa wake hakuwa akibweka.

Mwezi uliofuata nilishika kikombe kama kawaida. Anayeshika kikombe anaona kitu ambacho mchungaji haoni. Anaona koo. Mtu akimeza, koo linapanda na kushuka. Akigusisha midomo tu, halitikisiki. Mama Nestori alikunywa. Aliyemfuata aligusisha midomo. Wa pili vilevile. Watu tisa mfululizo. Divai iliyobaki ilikuwa nyingi kuliko iliyowahi kubaki siku yoyote, ukiondoa ile mvua ya mawe iliyowazuia watu majumbani.

Jumapili iliyofuata nilihubiri kwa ukali. Niliwaambia kwamba kuogopa sumu ndani ya kikombe cha Bwana ni upagani mtupu. Nilipiga mimbari. Lakini mwezi ulipofika wakafanya vilevile, nikatafuta njia ambayo niliiita hekima. Nilimwendea Mama Nestori nikamwambia kuanzia sasa awe wa mwisho kwenye mstari, kwa sababu wajane wazee wanachoka kusukumana.

"Mimi sijachoka," alisema.

"Ni utaratibu mpya, mama."

"Wajane wengine umewaambia?"

"Nitawaambia."

Sikuwaambia. Hakukuwa na utaratibu. Yeye akakubali. Mwezi uliofuata alipiga magoti wa mwisho, na watu wote waliomtangulia wakameza vizuri. Niliandika kwenye taarifa ya mwezi kwamba amani imerejea.

Kuna kitu sikukipigia hesabu. Kwa desturi ya kanisa letu divai iliyobarikiwa haimwagwi. Inayobaki inamalizwa na watumishi, na mchungaji wa wakati ule, kwa sababu ya vidonda vya tumbo, aliniachia mimi. Kwa hiyo baada ya Mama Nestori hakukuwa na mtu isipokuwa mimi.

Siku hiyohiyo, baada ya ibada, niliingia na kikombe chumba cha nyuma nikakitazama. Nilijiambia siogopi. Nilijiambia Filibati alikufa kwa ini. Nilimkumbuka Filibati kwenye jeneza. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikainama kwenye migomba, nikamwaga. Nilipogeuka, Mama Nestori alikuwa amesimama na ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Sijui alisimama pale muda gani. Aliiweka ndoo chini taratibu.

"Maji haya hapa, Mwinjilisti," akasema, akaenda.

Hakuja tena kuosha vyombo. Ibadani aliendelea kuja, lakini wakati wa ushirika alibaki amekaa kwenye benchi la nyuma. Watu wakasema, mnaona, anajijua. Mimi ndiye pekee niliyejua sababu nyingine, na sikusema. Kwenye daftari la washiriki, mbele ya jina lake, niliandika kwa mkono wangu: "Hashiriki kwa hiari yake." Maneno hayo yalisomwa na wachungaji watatu kwa miaka tisa, na wote waliniamini, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri.

Msidhani miaka hiyo nilikosa usingizi. Nililala. Nilipita kwake nikielekea sokoni, nikamuuliza habari za mbuzi. Nilijishawishi kwamba huenda hakuona, au aliona akadhani ni maji. Wakati mwingine nilimshuku yeye: kwamba amenyamaza makusudi, kwamba anasubiri siku ya kunifedhehesha. Mtu aliyezoea kupima wenzake hachoki, hata akiwa ndiye mwenye kosa.

Kisha ikaja korona, na pamoja nayo vikombe vidogo vya plastiki, kila mtu na chake. Tuliambiwa ni kwa ajili ya afya, na ni kweli. Ila niliona nyuso zilivyotulia siku ile ya kwanza, nikashuku kwamba si virusi tu walivyokuwa wameviogopa. Watu ambao kwa miaka walisita kunywa baada ya fulani, sasa walikunywa bila kumtazama mtu. Meza ilikuwa imepona bila mtu yeyote kupatana na mwenzake.

Mchungaji wetu wa sasa, kijana mwenye pikipiki na mwenye haraka, aliona ni nafasi nzuri. "Mzee," aliniambia, "nenda kamwambie yule mama arudi. Kikwazo hakipo tena."

Nilimkuta uani anapepeta maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja na begi. Ni msiba au mchango?"

Nilimweleza. Nikatoa kikombe kidogo kwenye begi nikampa. Alikiinua kwenye mwanga.

"Hiki si kile cha kupimia dawa ya kikohozi?"

"Kinafanana."

"Kila mtu na chake."

"Kila mtu na chake, mama. Hakuna atakayekunywa baada yako. Hakuna wa kuogopa."

Maneno yalishatoka ndipo nikayasikia. Alikiweka kikombe kwenye ungo, katikati ya maharage.

"Kumbe unajua kwa nini nakaa nyuma."

"Najua."

"Unapita hapa, unauliza habari za mbuzi. Mbuzi wangu wote unawajua kwa majina. Hili hukuuliza."

"Sikuuliza."

"Ulimwaga, Mwinjilisti."

"Nilimwaga."

Alinitazama kidogo. "Nilidhani utasema yalikuwa maji."

"Ndilo jibu nililokuwa nimeliandaa. Nimelibeba miaka yote."

Alicheka kidogo, akaingia ndani, akatoka na mutobe kwenye bilauri. Akapiga funda moja huku ananitazama, kisha akanipa. "Nimeonja. Usije ukakesha."

Nilikunywa yote. Na nakiri mbele yenu kwamba hata siku ile, bilauri ikiwa mdomoni, nilisita kwanza. Uzee wote huu, uinjilisti wote huu, na bado nilimkumbuka Filibati.

"Hicho kidogo sikitaki," alisema. "Sikunyimwa divai mimi. Divai ulinipa mpaka siku ya mwisho. Nilinyimwa watu. Nitakuja siku nitakayokunywa, na mtu mwingine akanywa baada yangu, wenzetu wakiona."

"Nitakunywa mimi."

"Wewe watasema ni kazi yako. Waambie kwanza ulichofanya. Wakishajua kwamba na wewe uliogopa, halafu wakuone unakunywa, hapo ndipo watajua umekunywa."

Nilimwahidi. Kisha nikachelewa. Kwanza nilisema korona iishe. Ikaisha. Nikasema mavuno yapite. Mwaka ukapita, na wa pili, na Mama Nestori akaanza kutembea kwa mkongojo, na kila nilipomwona nilihesabu ni Jumapili ngapi zimebaki kabla hajashindwa kufika kanisani kabisa. Nilipokea barua ya kustaafu kabla sijatimiza. Pengine bila barua ile nisingetimiza kamwe. Mtu anayeondoka ana ujasiri wa bei rahisi, nanyi mnaweza kunishuku kwa hilo.

Jumamosi ya maandalizi ya ushirika wangu wa mwisho nilisimama mbele nikaeleza yote: mstari, uongo wa wajane, migomba, na yale niliyoandika kwenye daftari. Mzee mmoja wa kanisa alisema kwa upole, "Mwinjilisti umechoka, kapumzike." Nilimwambia sijachoka. Ndipo Leokadia akasimama. Yeye hakuwahi kulifuta lile neno lake la msibani, na hakuwahi kumsalimia Mama Nestori tangu siku hiyo.

"Kwa hiyo na wewe uliogopa," alisema.

"Niliogopa."

"Na ukapiga mimbari, ukatuita wapagani."

"Niliwaita."

"Mimi nilikuwa nimefiwa na mume. Wewe ulikuwa umefiwa na nani?"

Alichukua mwavuli wake akatoka. Mchungaji alinong'ona kwamba labda tungeliacha. Nilimwomba kesho kikombe kikubwa kiwepo. Alifikiri, akasema atakiweka mbele, na sinia la vikombe vidogo liwe pembeni, kila mtu achague. Nilidhani nimeelewa maana yake: alikuwa ananiandalia aibu ndogo badala ya kubwa.

Jumapili Mama Nestori alikuja mapema, amevaa kitenge alichokuwa amekikunja muda mrefu, mistari ya mkunjo bado inaonekana. Wakati ulipofika alitembea na mkongojo wake mpaka mbele, akapiga magoti mwanzo kabisa wa mstari. Nilikwenda nikapiga magoti kulia kwake. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza baada ya miaka mingi kuwa upande ule. Kikombe alikishika mzee wa kanisa, yuleyule aliyenishauri nikapumzike.

Hakuna aliyetufuata. Nilisikia miguu ikielekea pembeni, kwenye sinia. Nilisikia vile vikombe vya plastiki vikigongana. Mchungaji alisimama na sahani ya mkate mkononi, akatutazama sisi wawili, akatazama nyuma yetu, akasubiri. Namshukuru kwa kusubiri kule. Nilidhani ni mtu wa haraka.

Kisha mtu akasimama karibu yangu, nikaona pindo la gauni jeusi. Alikuwa Leokadia.

"Sogea, mzee," akasema.

Nilimwonyesha kulia kwangu, ambako mstari wote ulikuwa wazi. "Nafasi ipo hapa."

"Nimeiona. Sogea."

Alitaka apite kati yangu na Mama Nestori. Sijui alikuwa amebeba nini moyoni. Huenda amesamehe. Huenda hakutaka mimi niondoke na sifa ya kuwa wa kwanza. Huenda alitaka tu kujua mwenyewe, baada ya muda wote ule, kama mumewe alikufa kwa ini. Hadi leo sijamuuliza, na sitamuuliza.

Nikasogea. Mama Nestori akanywa, kisha Leokadia, kisha mimi.